Historia ya haute couture: anzia kwenye meza ya kukatia

Wanafunzi wengi wa mitindo huanza historia ya haute couture, yaani ushonaji wa hadhi ya juu wa Paris, kwa kukariri majina ya wabunifu: Worth, Poiret, Chanel, Dior. Majina ni lazima uyajue, lakini ukiishia hapo utashindwa kueleza kwa nini gauni la miaka ya 1930 linaulalia mwili ilhali koti la 1947 linasimama lenyewe. Jibu liko kwenye ukataji, na ukataji haueleweki kwa kutazama picha tu.

Kwanza weka mipaka. Ufaransa imelilinda jina haute couture kisheria tangu 1945. Nyumba ya mitindo hukubaliwa kwa orodha inayopitiwa kila mwaka: nguo zishonwe kwa vipimo vya mteja, karakana iwe Paris, na maonyesho yafanyike Januari na Julai. Masharti ya idadi ya mafundi na ya mavazi yamebadilika mara kadhaa, kwa hiyo ukiyataja, taja na mwaka. Nguo ya dukani yenye lebo ya nyumba hiyohiyo haimo katika hesabu hii.

Kwa Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua nyumba rue de la Paix, Paris, mwaka 1858 pamoja na Otto Bobergh, usikae sana kwenye majina ya malkia aliowavisha. Angalia alivyobadilisha biashara. Kabla yake mteja alinunua kitambaa, akampelekea fundi na kumwagiza, kama anavyofanya leo mwenye kitenge chake. Worth alitanguliza wazo lake, akalionyesha likiwa limevaliwa, kisha akalirekebisha kwa mwili wa mteja na kushonea jina lake ndani.

Sasa ingia karakana. Nyumba ya Paris kwa kawaida ina karakana za aina mbili: flou, ya nguo laini, na tailleur, ya makoti na suti. Ukishika tofauti hii, nusu ya historia itajipanga yenyewe.

Upande wa flou, mwalimu wako ni Madeleine Vionnet, aliyefungua nyumba yake 1912 na kuifunga 1939. Alibuni kwa kuvalisha kisanamu kidogo cha mbao, na aliufanya mshazari, yaani kukata kitambaa kwa pembe badala ya kufuata nyuzi zake, kuwa msingi wa gauni zima. Jaribu mwenyewe. Fua kwanza kitambaa chepesi cha pamba kiitwacho marekani, kitoke wanga, kata mraba wa sentimita 60, kisha chora mistari ya mtande (nyuzi za urefu) kwa buluu na ya mshindio (nyuzi za upana) kwa nyekundu. Ivalishe sanamu ndogo mistari ikiwa imenyooka, halafu izungushe kwa pembe ya digrii 45 uivalishe tena. Utaona kitambaa kilekile kikishika kiuno bila penzi, yaani mkunjo unaoshonwa ili kubana nguo.

Ukihamia kwenye krepu, kitambaa laini kinachoteleza, makosa huja haraka. Usikate kitambaa kikiwa kimekunjwa, kwa sababu tabaka la chini huteleza na vipande viwili hutoka tofauti. Pembe ikikosewa hata kidogo, mshono wa ubavuni utazunguka kuelekea mbele. Ukishona kwa uzi uliokazwa, mshono utajikunja au kukatika, maana kitambaa kinavutika na uzi hauvutiki. Legeza uzi, au shona kwa mkono. Pasi inyanyue na kuishusha, usiiburute. Na upindo usiukate siku hiyohiyo! Tundika gauni angalau usiku mmoja. Mtande na mshindio havishuki sawa, na anayekata mapema huamka na pindo lenye mawimbi.

Upande wa tailleur, soma koti liitwalo Bar la Christian Dior, lililoonyeshwa 12 Februari 1947 huko 30 avenue Montaigne, kwa mtaji wa Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya pamba. Hapa umbo linajengwa: kiuno kimebanwa, nyonga zimejazwa kwa ndani. Lilinganishe na koti la Chanel baada ya kurudi kwake 1954, ambalo bitana yake hushonwa pamoja na kitambaa kwa mistari, na mnyororo mwembamba hufichwa kwenye upindo ili uzito wake uvute koti chini. Makoti mawili ya karibu miaka hiyohiyo, na fikra zinazopingana kabisa. Picha ya mbele haikuonyeshi hayo, hivyo makumbusho inapoonyesha nguo iliyogeuzwa ndani nje, kaa hapo muda mrefu.

Tahadhari nyingine ni kuchanganya mtu na nyumba. Dior alifariki Oktoba 1957. Mkusanyo wa Trapèze wa Januari 1958 una lebo yake lakini ni kazi ya Yves Saint Laurent, aliyekuwa na miaka 21. Andika daima nyumba, mbunifu, msimu na mwaka. Kwa Vionnet ushahidi ni mzuri zaidi: alipiga picha mavazi yake mbele, nyuma na ubavuni, lebo zake zikawa na alama ya kidole gumba dhidi ya waigaji, na mwaka 1952 aliikabidhi Ufaransa magauni na albamu zake. Leo hazina hiyo iko Musée des Arts Décoratifs, Paris, na ndipo pa kuanzia ukitaka kulinganisha marekani yako na kazi yenyewe.