Hostia jikoni: matusi ya Kihispania yalivyonipokea Valencia

Mkuu, umesema umepata kazi Uhispania na unauliza kama ujifunze na matusi yao. Jifunze uyaelewe, tena kabla hujapanda ndege. Mimi hakuna aliyeniambia, na niliumia moyo bure.

Nilianzia kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja Valencia. Siku ya pili mpishi akaponyokwa na sufuria ya kome, mchuzi wote ukaishia kwenye viatu vyake. Akapiga ukelele: "¡Hostia!" Mimi nimekulia Uchagani, nimetumikia altareni tangu nina miaka 9. Kwetu hostia ni Mwili wa Kristo. Mikono ikaniganda kwenye maji ya sabuni, nikasubiri mtu amkemee. Hakuna hata aliyegeuka.

Ni hostia ileile ya misa, sikukosea. Ila kule imezoeleka mpaka inabeba kila kitu. "Es la hostia" ni sifa, kitu kikali kweli. "A toda hostia" ni mbio za kufa mtu. Ukiambiwa "te doy una hostia", sogea, hilo ni kofi. Wanaoogopa kukufuru hukwepa katikati ya neno na kusema "¡ostras!", yaani chaza. Vilevile "me cago en diez", nanyea kumi: hiyo "diez" imewekwa ili wasimtaje Dios, Mungu mwenyewe.

Halafu nchi na nchi. Uhispania "coger el autobús" ni kupanda basi tu, hata bibi kizee anasema. Mbele ya Mwargentina au Mmeksiko usithubutu, kwao "coger" ni kulala na mtu. Na Havana papai huitwa "fruta bomba", kwa sababu "papaya" ni sehemu za siri za mwanamke.

Kijana mmoja tuliyekuwa naye jikoni aliwasikia wenyeji wakiitana "cabrón" huku wanacheka. Asili yake ni beberu, na tusi lenyewe ni mume anayesalitiwa na mkewe; baina ya marafiki linageuka kama "mshikaji". Naye akamwita hivyo msimamizi, kwa nia njema kabisa. Alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo, na ujira wa siku ukakatwa. Iliniuma, maana neno lilikuwa lilelile, ila yeye alikuwa na wiki 3 tu pale.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza ukiungua sema "¡ostras!". Mimi huu ni wa 6, na bado nasema hilohilo.