Barua kwa Mwanangu: Nilipoambiwa Nisogee Pembeni

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Waniuliza: mama wa yule mtoto wa Maweni ametia sahihi fomu ya idhini, na jina la mtoto mtalibadilisha, je, haitoshi hiyo kuwatumia wafadhili wa shirika lenu picha yake na habari zake?

Sheria waijua kunishinda. Ni wewe uliyenieleza kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi na maslahi ya mtoto, vyote viwili, na kwamba mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mimi nataka kusema habari ya hiyo sahihi, maana hata mimi nilitia.

Eda yangu ilikuwa imekwisha, wewe ungali watambaa. Shirika likasema litamlipia kaka yako ada. Siku ya picha nilimwogesha, nikamvisha kanzu ya Idi na ndara mpya alizonunuliwa na ami yenu. Nikasimama nyuma yake penye baraza letu, mkono begani. Mwenye kamera akanong'ona na karani, karani akanigeukia: "Mama, sogea pembeni kidogo." Nikasogea. "Bado kidogo." Nikasogea hadi nikawa ndani, natazama kwa mlangoni. Kisha wakamwambia avue ndara. Akazivua, akazipanga ukutani sawasawa kama mtu aingiaye msikitini.

Karani alipouliza nilisema mtoto ni yatima, na sikusema uongo. Kwetu yatima ni aliyefiwa na baba, mama awepo asiwepo. Mtume wetu alizaliwa yatima na mamake yu hai. Lakini neno lile lilipovushwa kwenye Kiingereza likawa mtoto asiye na mtu. Kwenye kadi yao, ile yenye picha yake, waliandika hana wa kumlea. Nami ndiye niliyemwogesha asubuhi ile!

Kadi ilimfikia kaka yako akiwa kidato cha pili, wenzake wakamwita mtoto wa kadi. Likizo alipokuja hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mama, wewe ulikuwa wapi?"

Nimewaambia tangu mko wadogo: habari ya mtoto ni amana. Lakini nisijifanye. Ada ililipwa miaka yote minne, na ndiyo iliyomfikisha alipo. Ningekataa, angesoma kwa nini? Kwa samaki wa ami yenu? Na mfadhili asiyeona uso wa mtoto atatoa? Huenda atatoa, huenda asitoe, na wewe una watoto wanaongoja kula. Hapo nanyamaza. Kisha nazikumbuka zile ndara, nasema: wangempiga picha nazo miguuni, na mimi nyuma yake, kingepungua nini?

Jina mtalibadilisha, sawa. Na mlango ukionekana pichani je? Huku kwetu ukimwonyesha mtu mlango wa kuchonga atakwambia ni nyumba ya nani na nani kazaliwa humo. Maweni nako watu wajuana.

Rudi kwa yule mama, mwanangu. Usiende na fomu, nenda na maneno yenyewe mtakayoyatuma, umsomee yote kwa Kiswahili, na mtoto awepo asikie anavyoelezwa. Kisha muulize: akisema hapana, ada italipwa vilevile? Hilo mimi sikuulizwa. Mjane wa eda ya juzi, watoto wawili, kalamu mkononi. Ningesema hapana kwa lipi? Habari ya mtoto ni amana, hata mamake anaishika tu mpaka mwenyewe akue.

Nilikuwa nimeandika hapa "usiitume", nikakata. Wewe ndiye unayemwona yule mama, mimi naona nafsi yangu tu. Ila kama jibu la lile swali ni kwamba ada haitalipwa, basi unajua ningekuambia nini.

Kadi ninayo, iko ndani ya kasha chini ya leso zangu. Kaka yako adhani niliichoma. Ukija Idi nitakuonyesha. Ukiitazama vizuri ukingoni, kushoto, kipande cha buibui langu kimeonekana.

Mamako