Shangazi, kwapa linawasha na blauzi imelowa hata saa tatu haijafika

SWALI: Shangazi habari. Mimi nafanya kazi ya mapokezi kwa ofisi moja huku Upper Hill na unifomu yetu ni blauzi ya samawati, ile rangi ikishika jasho kila mtu anaiona kutoka mlangoni. Natoka Umoja asubuhi kukiwa na baridi nimejifunika sweta, naingia matatu madirisha yote yamefungwa, nikishuka tao nishalowa. Rolon nimejaribu nyingi, zile za kukausha jasho zinanichoma vibaya halafu ngozi inakuwa nyeusi na kuambuka. Nikaambiwa nitumie za asili zisizo na kemikali, nikanunua moja kwa mama anayezitengeneza nyumbani, hio ndio ilinimaliza kabisa, upele mpaka nikashindwa kushusha mkono. Sai sipaki kitu, natembea nimebana mikono kama kuku aliyenyeshewa. Nifanyeje na ngozi yangu ndio hii ya kukataa kila kitu? – Blauzi ya Samawati

JIBU: Pole sana mwanangu. Kwanza tulia, jasho si uchafu na likitoka halina harufu ya maana, ni bakteria wanaoishi kwapani wakilila ndio kikwapa kinatokea. Nakwambia hivi kwa sababu kwa barua yako yote sijaona umelalamikia harufu, shida yako ni maji. Na hapa ndio watu wanapoteza pesa bure. Deodoranti kazi yake ni harufu, haizuii jasho hata tone. Inayozuia inaitwa antipaspiranti, hio iko na chumvi za alumini zinazoziba vitundu vya jasho kwa muda. Geuza chupa usome nyuma. Kwa hivyo hio ya mama, hata isingekuchoma, blauzi ingelowa tu vilevile.

Na kwa nini ilikuchoma? Hizo za nyumbani nyingi zinachanganywa mafuta ya nazi, wanga na beking soda, na mimi macho yangu yako kwa beking soda. Ngozi yetu iko na asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni kama 5 hivi, beking soda inapita 8, sasa ukiisugua kila asubuhi kwa ngozi uliyonyoa jana unaimenya polepole. Ongeza yale mafuta ya kunukia wanayotia ili ivute wateja, na manukato, yawe ya kiwandani au ya shambani, yako kati ya vitu vinavyoleta mzio wa ngozi sana. Mtu akikwambia kitu ni cha asili ndio maana hakiwezi kukudhuru, mkumbushe hata upupu ni wa asili.

Zile za supamaketi nazo nashuku mambo mawili, pafyumu na saa unayopaka. Chumvi ya alumini, hasa ile kali inaitwa aluminiamu kloridi, ikikutana na maji inatoa asidi, huo ndio moto unausikia. Na wewe bila shaka unatoka bafu, unajipangusa mbio mbio, unapaka, unakimbilia gari. Umepaka kwa kwapa bichi.

Sasa sikia. Kwanza acha kila kitu mpaka ngozi ipone, ipe hata wiki mbili, wembe weka kando, oga na sabuni isiyo na harufu, jikaushe kwa kubonyeza taulo si kusugua, usiku paka Vaseline kidogo. Ule weusi ni alama ya ngozi iliyoumizwa, ngozi zetu nyeusi hubaki nao hata upele ukiisha, na unafifia wenyewe lakini ni kwa miezi si siku. Kwa hivyo tafadhali usiende River Road kutafuta krimu ya kung'arisha, krimu za aina hio zingine hukutwa na zebaki. Na usinunue tyubu ya steroidi, zile krimu kali za kutuliza upele na mwasho, kwa kemisti ujipakie bila kuambiwa na daktari, ngozi ya kwapa imekunjana na inanyonya dawa kuliko ya mkono, ukiendelea nayo inakuwa nyembamba na kuchora mistari, na hio mistari haitoki.

Wakati unapona, linda nguo uache ngozi ipumue. Kuna pedi za kwapa, ziko na gundi upande mmoja, unabandika ndani ya blauzi, sio kwa mwili (ziko pia za kubandika kwa ngozi, hizo wewe zikimbie). Ukizikosa, chukua pantilaina isiyo na harufu, ikate katikati ubandike kwa mshono wa kwapa, usicheke, inafanya kazi. Lakini chaguo langu ni fulana ya ndani ya pamba yenye mikono. Nasema yenye mikono kwa sababu vesti haikusaidii, kwapa liko nje linaendelea na shughuli zake! Nenda Gikomba ama Toi utafute tisheti nyepesi ya pamba, ukate shingo ishuke isionekane. Halafu mwanangu, kwani ni lazima hio blauzi uivalie Umoja? Ikunje uweke kwa begi, safiri na tisheti, vua sweta kabla hujaingia gari hata kama kuna baridi, ukifika ofisini pitia choo ujipanguse ubadilishe. Hapo nusu ya shida imeisha na hujapaka kitu. Na ukifua suuza mara mbili, softena achana nayo kwanza, harufu yake inabaki kwa nguo na inaweza kuwasha ngozi kama yako.

Ngozi ikipona, rudi na antipaspiranti moja, moja tu, isiyo na pafyumu wala alkoholi. Tafuta iliyoandikwa aluminiamu klorohidreti, hio huwa pole kuliko kloridi. Ijaribu ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa wiki nzima, ikinyamaza ndio uipeleke kwapani, na uipake usiku ukienda kulala, kwapa likiwa kavu kabisa. Usiku jasho ni kidogo kwa hivyo inapata nafasi ya kushika, asubuhi unaoga kama kawaida na kazi yake inabaki. Anza usiku mmoja ndio mwingine hapana, na siku umenyoa usiiguse. Najua kuna mtu atakutisha na saratani ya matiti, utafiti haujaonyesha kwamba hizi zinaileta, hapo lala usingizi.

Ukifanya hayo yote na bado unatiririka hata ukikaa kimya kwa baridi ya Julai, mwone daktari wa ngozi. Kuna watu wameumbwa na jasho jingi kupita kiasi na linatibika, ziko dawa, ziko hata sindano za botoksi za kwapani, hizo lakini bei yake shikilia kiti. Na kama jasho limeanza ghafla, unaamka shuka zimelowa na unakonda, usingoje rolon yoyote, nenda upimwe.

SWALI: Shangazi, mi ni wa boda huku Pipeline, nikifungua jaketi abiria anageuza uso. Beste yangu anasema nipake ndimu. Ni poa?

JIBU: Si poa, kijana wangu. Ndimu kweli inasumbua bakteria lakini inachoma ngozi, na maji yake yakibaki kwa ngozi halafu jua liipige unaweza kutoka malengelenge na madoa meusi, na wewe unashinda juani. Nunua kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la chumvi ya alumini, kwa maduka ya Eastleigh, ni bei ya chini, ukishaoga kilowanishe upitishe kwapani taratibu, ikiwasha uache. Lakini nikuulize, hio jaketi ilifuliwa lini? Kitambaa cha poliesta kinashika harufu kuliko pamba, unaweza kuoga mara tatu kwa siku na ukivaa tu inarudi. Igeuze ndani nje, loweka na maji na siki, fua, anika juani mpaka ikauke kabisa, na chini yake vaa tisheti ya pamba ya kubadilisha kila siku.

SWALI: Mimi natoka majipu kwapani, yanapona yanarudi, yanaacha makovu. Nibadilishe rolon gani?

JIBU: Hapana dada, hapo umeshatoka kwa mambo ya rolon. Majipu ya kurudi palepale, na wengine huyapata pia kwa kinena na chini ya matiti, yanaweza kuwa ugonjwa wa vinyweleo unaoitwa haidradenaitisi. Hautokani na uchafu na hauambukizi, lakini ukikaa nao makovu yanaongezeka. Acha kuyaminya, acha wembe, nenda kwa daktari wa ngozi. Yakivimba piga picha uweke kwa simu, maana siku ya kliniki mara nyingi yanakuwa yamejificha.