Shahada ya isimu na maombi ya uzamili wa tiba ya usemi Marekani

Mwenye shahada ya kwanza ya isimu anaweza kuomba uzamili wa tiba ya usemi na lugha nchini Marekani, ila vyuo vingi vitamtaka awe amesoma kozi za msingi za fani hiyo, kama vile anatomia ya viungo vya usemi, ukuaji wa lugha kwa watoto na sayansi ya usikivu. Fonetiki, yaani elimu ya sauti za usemi, ni mojawapo ya kozi hizo, na huenda tayari anayo kutoka kwenye isimu. Zaidi ya hizo, masharti ya cheti cha ASHA, chama cha kitaaluma cha fani hii, yanadai biolojia, takwimu, sayansi ya jamii, na fizikia au kemia. Haya ndiyo huwakwaza wengi waliosoma lugha, hivyo ni vyema kuyaanza mapema. Programu nyingi hupokea maombi kupitia CSDCAS, mfumo wa pamoja wa maombi mtandaoni, lakini kila chuo kina tarehe yake ya mwisho. Tafadhali hakikisha programu imeidhinishwa na CAA, baraza linaloidhinisha programu za fani hii, kabla ya kulipa ada yoyote, kwa kuwa cheti cha ASHA hudai uzamili kutoka programu yenye idhini hiyo pamoja na saa 400 za mafunzo ya kliniki.