Matumbawe ya Lanet na pH isiyopanda

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Lanet, Nakuru. Nina hodhi la matumbawe la lita 200 sebuleni. Asubuhi pH (kipimo cha asidi ya maji; ikishuka, asidi imezidi) ni 7.7, jioni 7.9, haivuki hapo. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ni digrii 8. Muuzaji aliniambia nitie dawa ya kupandisha pH kila siku. Inapanda kidogo, kesho yake iko palepale. Mume wangu anasema Ziwa Nakuru lina magadi tele, nichote dumu moja nimalize kazi. Nifanyeje? – Mama Pacha

JIBU: Mama Pacha, hiyo dawa iweke kabatini kwanza. Digrii 8 ni nzuri kabisa. Alkalini ya bahari yenyewe iko karibu na digrii 7. Ukiendelea kumimina, alkalini itapita kiasi na matumbawe yako magumu yataanza kuungua ncha.

Mimi nashuku hewa ya nyumba yenu. Baridi ya Nakuru naijua: jua likizama madirisha yanafungwa, jiko la gesi linawashwa, ukoo mzima unakaa sebuleni na taarifa ya habari. Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi sehemu 420 hivi kwa milioni, ilhali chumba kilichofungwa chenye watu hupita 1,000 kwa urahisi. Kabonidayoksaidi hiyo ikiyeyuka majini huwa asidi. Mchana mwani na matumbawe huitumia kwa mwanga, lakini taa zikizimwa kila kiumbe humo kinaitoa tu, ndiyo sababu vipimo vyako vya asubuhi ni vibaya zaidi. (Kama mnaota moto wa makaa ndani, acheni leo hii. Sumu yake huua watu, samaki ni baadaye.)

Usinikubalie hivihivi, pima. Chota maji ya hodhi, ujaze jagi mbili. Moja ipulizie hewa kwa pampu ndogo hapo sebuleni, nyingine uipeleke barazani uipulizie vilevile, saa nzima. Kisha pima zote. Ya nje ikipanda na ya ndani ikibaki, mkosaji ni hewa ya chumba. Zote mbili zikipanda, hodhi lako halipati mzunguko wa kutosha: elekeza pampu juu ili uso wa maji utikisike. Isipopanda hata moja, rudia kupima alkalini, na mita ya pH uisawazishe upya kwa vimiminiko vyake vya 7 na 10.

Kwa hewa ya chumba, dawa nyepesi ni mpira wa kupitishia hewa. Skima yako, kile chombo kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, inavuta hewa kupitia kimrija chembamba. Kiunganishe na mpira mrefu, uutoe dirishani, mbali na jiko la jirani, na mdomo wake uufunge chandarua wadudu wasiingie. Ukiwa na kihodhi cha pembeni cha kuoteshea mwani, taa yake iwake usiku wakati za hodhi zimezimwa.

Isipotosha, ndipo utumie maji ya chokaa, yakidondoka usiku kufidia yaliyokauka. Chokaa hula ile gesi, tena huongeza kalsiamu. Lakini isiwe ya mafundi wa kupaka kuta, na usimimine kwa kikombe: pH yake inapita 12, inachoma hata ngozi.

Sasa mzee wa dumu. Ni kweli ziwa lina pH ya karibu 10, ila chumvi zake si za bahari. Kaboneti hiyo yote ikikutana na kalsiamu ya hodhi, utaona unga mweupe ukiganda kwenye pampu. Isitoshe, ziwa liko ndani ya hifadhi. Askari wa wanyamapori hawatakuelewa ukiwaeleza habari za matumbawe. Mwambie huyo baba nguvu zake zinahitajika kutoboa fremu ya dirisha.

Na pH ya asubuhi ikifika 7.8 tu, ikiwa imara na matumbawe yanakua, mimi singeigusa.