Mkono Unapotetemeka Mbele ya Wembe wa Kukunja

Wengi wanaoanza kujinyoa ndevu kwa wembe wa kukunja huuchukulia mkono unaotetemeka kuwa ni woga, wakaamua kuushinda kwa kujikaza. Kwa uzoefu wangu, kujikaza huko ndiko kunakoharibu kazi. Mkono wa kila mtu hutetemeka kidogo wakati wote, mara 8 hadi 12 hivi kwa sekunde, ila kwa kawaida hatuoni. Hofu inapoingia, mwili humwaga adrenalini, mtetemeko ukaongezeka, na misuli iliyobanwa ikichoka, mtetemeko huongezeka tena. Hivyo anayengoja mkono utulie kabisa ndipo aanze kunyoa atangoja sana. Lililo muhimu ni kuupatia mkono mahali pa kuegemea.

Wembe wenyewe utazamwe kwanza, kwa sababu hofu nyingi huanzia kwenye makali mabovu. Wembe butu huvuta nywele badala ya kuzikata, mnyoaji akalazimika kukandamiza, na mkono unaokandamiza haudhibitiki. Jaribu makali kwa malaika ya mkono: yakikatika bila kuvutwa, wembe uko tayari. Kabla ya kila kunyoa, upitishe kwenye mkanda wa ngozi mara 30 hadi 50, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, na kila ukifika mwisho uugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake. Mimi nauona mkanda kuwa darasa zuri kuliko yote, kwani vidole hujifunza kuugeuza wembe kwa wepesi mahali ambapo hakuna ngozi ya mtu ya kukatwa. Wanaojifunza kazi ya kinyozi hunyoa puto lililopakwa povu, nalo hufundisha wepesi wa mkono, ingawa puto halina taya wala kidevu. Kwa anayeanza, ningependekeza pia wembe wenye ncha ya mviringo, maana ncha ya pembe kali huchoma upesi mkono unapoyumba.

Namna ya kushika ndiyo inayohitaji subira. Fungua mpini mpaka upite nyuma ya vidole, weka vidole vitatu juu ya shingo ya wembe, yaani sehemu isiyo na makali karibu na mpini, kidole gumba upande wa chini karibu na mahali makali yanapoanzia, na kidole cha mwisho kwenye mkia mdogo uliopinda. Shika kwa nguvu ya kutosha tu wembe usidondoke. Kucha zikianza kuwa nyeupe, umezidisha. Kiwiko kiegemee ubavuni, na pale inapowezekana kidole cha mwisho kiguse shavu au taya, ili mkono na uso viwe kitu kimoja na kuyumba pamoja.

Ukichunguza utagundua kwamba mtetemeko huonekana zaidi wembe ukiwa hewani, sentimita chache kutoka usoni, na hupungua mara tu unapogusa ngozi. Kwa hiyo usiuelekeze usoni makali yakiwa mbele. Ulaze kwanza bapa juu ya povu, utulie hapo, kisha uinue mgongo taratibu mpaka upate pembe ya nyuzi 30 hivi, ndipo ushuke kwa kufuata mwelekeo wa ndevu. Mkono wa pili uvute ngozi ikaze, na kila mvuto usizidi sentimita mbili au tatu. Toa pumzi polepole unaposhuka. Jambo la kuogopa kikweli ni wembe kuteleza kwa urefu wa makali yake, kama kisu kinavyokata mkate, kwa sababu hapo hata mguso mwepesi hupasua ngozi.

Hakuna sheria inayomlazimu mtu kumaliza uso mzima kwa wembe huo siku ya kwanza. Anza na sehemu bapa ya shavu chini ya sharafa, kisha umalizie kwingine kwa kinyoleo chako cha kawaida. Shavu likizoeleka, ongeza taya, halafu shingo. Kidevu na mdomo wa juu viwe vya mwisho, kwa kuwa vina mikunjo mingi na nywele ngumu. Siku ambayo mkono umekataa, kunja wembe uurudishe kabatini.

Yako pia mambo ya mwili yanayosahaulika. Kahawa, njaa, usingizi haba, baridi na kazi nzito ya mikono muda mfupi kabla ya kunyoa, vyote huongeza mtetemeko, na haraka huongeza kuliko vyote. Weka shabu karibu; kujua kwamba mkwaruzo mdogo utafungwa mara moja huondoa nusu ya wasiwasi. Wembe ukiponyoka, acha uanguke, usijaribu kuudaka.

Hata hivyo, mkono unaotetemeka pia unaposhika kikombe au unapoandika, au unaotetemeka ukiwa umepumzika mapajani, ni suala la daktari. Unaweza kuwa mtetemeko unaorithiwa katika familia, tatizo la tezi ya shingo, athari ya baadhi ya dawa za pumu, au ugonjwa wa Parkinson, na baadhi ya hali hizo zina matibabu. Mwenye hali ya namna hiyo, pamoja na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ningemshauri atumie kinyoleo ambacho wembe wake umefunikwa na kuachwa ukingo mwembamba tu, kwa sababu hicho humzuilia makali yasizame hata mkono ukiyumba.