Shamba lako lina makaa ya mawe? Usikubali kulipwa kwa faida

Nilikuwa karani wa mishahara kwa mkandarasi wa mgodi wa makaa ya mawe huku Ruvuma, Tanzania. Ndugu wenye mashamba huniuliza: mwenye leseni ya kuchimba anataka kunipa asilimia ya faida, nisaini? Nawajibu wasisaini.

Tuelewane kwanza. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, makaa yaliyo chini ya shamba lako ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mrabaha wake, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa madini anayochimba, unakwenda serikalini. Haki yako wewe ni fidia. Chochote zaidi ya fidia utakipata kwa makubaliano, na yasiyoandikwa ni vigumu kuyadai.

Sasa hiyo faida. Kabla haijaonekana kuna dizeli, matairi, kukodi vijiko (mashine za kuchimbia), kuondoa kifusi, halafu mishahara. Mishahara si zile pesa anazopokea kijana mkononi tu. Kuna michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kuna saa za ziada, ambazo kisheria hulipwa mara moja na nusu. Mvua zikikolea, malori yanakwama, makaa hayatoki, na wafanyakazi wa mshahara wa mwezi lazima walipwe. Hesabu inasoma hakuna faida, wakati shimo shambani kwako limeshachimbwa. Kisha unaambiwa mishahara imemaliza fungu lako, unaanza kumnunia kijana wa jirani anayefanya kazi pale. Hilo linaniuma sana, maana yule amelipwa jasho lake tu.

Dai malipo kwa kila tani inayotoka, faida iwepo isiwepo. Tiketi ya mzani ina namba ya gari, uzito likiwa tupu na uzito likiwa limejaa. Tupu tani 15, limejaa 45: makaa ni tani 30. Mkikubaliana, tuseme, shilingi 1,000 kwa tani, gari hilo lina 30,000 yako. Mkataba utaje ni mzani upi, wa mgodini au wa mnunuzi, kwa sababu mnunuzi hukata unyevu na tani zinapungua. Nakala za tiketi uzipate kila siku. Ukisubiri mwisho wa mwezi utaletewa jumla usiyoweza kuihakiki.

Weka pia kiwango cha chini cha malipo ya kila mwezi hata kazi ikisimama, na nani atafukia shimo. Mpe mwanasheria asome kabla hujatia dole gumba.